Geti linakula maneno ya mchungaji, na limita haikuiokoa twita

"Mimi ni fundi mitambo kanisani kwetu. Tunaingia watu kama 300, juu ni bati, kuna feni sita za dari, na jenereta iko nyuma ya ukuta wa madhabahu. Mixa yetu ni ya kidijitali, chaneli 16. Kwa sababu ya kelele nimewasha geti kwenye maiki ya mchungaji na kwenye maiki nne za kwaya. Akihubiri kwa nguvu hakuna shida, ila akishusha sauti kwenye maombi maneno yanakatika, na mngurumo wa jenereta unaingia na kutoka kila anapotulia. Kwaya ndiyo imeharibika zaidi. Halafu mwezi uliopita twita ya spika moja kubwa iliungua huku limita ikiwa imewashwa. Wengine wananiambia niweke ekspanda, wengine wanasema ninunue mashine ya kuondoa kelele. Nianzie wapi?"

Ndugu, hapo kuna maswali matatu yaliyofungwa kamba moja, na inabidi tuyafungue. Maneno yanayokatika ni tatizo la geti. Kwaya ni tatizo la kuweka geti mahali lisipohitajika. Twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti za juu ndani ya boksi, ni habari nyingine kabisa, na limita yako haikuharibika: ilifanya kazi iliyopewa, ila haikupewa kazi ya kulinda twita.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, shika jambo hili. Geti, ekspanda, limita, na kompresa pia, vyote ni mkono unaoshika feda, yaani kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, kwa niaba yako. Ndani yake kuna kipimo kinachosoma kiwango cha sauti, na kuna sehemu inayoshusha sauti kulingana na kipimo hicho. Hakuna kingine. Hakuna hata kimoja kinachojua kwamba huyu ni mchungaji na ile ni jenereta. Kinachojuliwa humo ndani ni namba: kiwango kimepita kizingiti, yaani ile treshodi uliyoweka, au hakijapita. Kompresa na limita hufanya kazi sauti ikiwa juu ya kizingiti, geti na ekspanda hufanya kazi sauti ikiwa chini yake. Kwa hiyo kama sauti ya maombi na sauti ya jenereta zinafika kwenye maiki zikiwa na viwango vinavyokaribiana, hakuna namna kifaa hiki kitazitenganisha. Kitazikata zote au kuziacha zote.

Dhana ya kwanza ya kuondoa, basi, ni kwamba geti husafisha sauti. Halisafishi. Geti ni mlango. Ukiwa wazi, mchungaji na jenereta wanaingia pamoja, tena jenereta kwa kiwango kilekile cha jana na juzi. Akihubiri kwa nguvu huisikii kwa sababu sauti yake imeifunika, siyo kwa sababu imeondoka. Mlango ukifungwa, vyote vinabaki nje. Na hapo ndipo ubaya unapozaliwa: kelele isiyobadilika sikio huizoea ndani ya dakika chache, lakini kelele inayokuja na kukatika kila sentensi humfanya kila mtu ageuke kuitazama meza ya mitambo. Mara nyingi kanisa lililowekewa geti vibaya linasikika chafu kuliko kanisa lisilo na geti kabisa.

Anza kwa kupima. Jumamosi, kabla ya mazoezi, washa jenereta na feni zote, fungua maiki ya mchungaji kwa geini (kiasi cha kukuza sauti ya maiki) ileile ya Jumapili, zima geti na kompresa, na mtu yeyote asiongee. Soma mita ya chaneli hiyo. Kisha mpe mtu mwenye sauti inayofanana na ya mchungaji aombe polepole, akiishika maiki kama mchungaji anavyoishika, siyo kama wewe unavyotamani aishike. Soma vilele vya maneno, na soma pia mwisho wa maneno unashuka hadi wapi. Tuseme umepata hivi: kelele tupu inakaa desibeli −48, vilele vya maombi −38, miisho ya maneno −43, na mahubiri ya nguvu −18. Namba zako zitakuwa tofauti, ila ukizipata utaelewa shida yako mara moja. Kati ya mwisho wa neno na kelele kuna desibeli 5 tu. Kizingiti cha geti inabidi kikae ndani ya nafasi hiyo nyembamba, na mchungaji akigeuza kichwa kidogo, nafasi imekwisha.

Kazi yako ya kwanza siyo kuweka kizingiti vizuri zaidi. Ni kuipanua nafasi hiyo.

Njia kubwa kuliko zote haina gharama: umbali wa mdomo na maiki. Kila unapoupunguza umbali huo kwa nusu, sauti ya mdomo inapanda kama desibeli 6, huku kelele inayotoka mbali ikibaki palepale. Mchungaji anayeishika maiki sentimita 20 kutoka mdomoni akiisogeza hadi sentimita 5 ameongeza desibeli 12. Unashusha geini kwa hizo 12, maombi yanarudi −38 kama mwanzo, lakini kelele imeanguka kutoka −48 hadi −60. Hakuna geti litakalokupa hizo 12 bila kukata kitu. Gharama yake ni "p" na "b" zitakazopiga kwenye maiki, na besi itakayonenepa kwa sababu ya ukaribu. Sponji ya maiki na kukata sauti za chini vinatosha kutibu yote mawili. Kama mchungaji ni mtu wa kutembea na kupunga mikono, maiki ya kichwani, inayokaa sentimita 2 au 3 kutoka pembe ya mdomo, ni matumizi bora ya fedha kuliko mashine yoyote ya kuondoa kelele unayofikiria kununua. Maiki ya kubana kwenye tai, kwa kanisa lenye spika kubwa na jenereta, achana nayo.

Halafu kuna hiyo jenereta nyuma ya madhabahu. Mchungaji anawatazama waumini, kwa hiyo uso wa maiki yake unautazama mdomo wake, na nyuma ya mdomo wake ni ukuta wa madhabahu. Maiki ya kawaida ya mkononi husikia mbele na kuziba masikio nyuma. Hapo ulipo, mgongo wake, upande usiosikia, umewageukia waumini, na upande unaosikia umeielekea jenereta. Kuihamisha jenereta hadi ubavuni mwa jengo, mbali kadiri kebo nene ya kutosha itakavyoruhusu, kutakupa faida ambayo mixa haiwezi kukupa. Nje tu, tafadhali, na moshi wake usielekee dirishani.

Kata pia sauti za chini kwenye chaneli ya mchungaji, zile zilizo chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 100 hadi 120 kwa sauti ya mwanamume. Jenereta ndogo ya silinda moja inayozunguka mara 3000 kwa dakika kwa kawaida hulipua mafuta mara 25 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya mngurumo wake imejazana huko chini ambako mtu anayehubiri hana neno lolote. Upepo wa feni hautaondoka kwa njia hii, kwa sababu wenyewe umetapakaa kote.

Na hakikisha kelele unayopigana nayo inapita hewani kweli. Chomoa maiki kwenye kebo yake, acha chaneli wazi. Kama mngurumo umebaki, huo ni umeme, siyo sauti: kebo iliyokatika ngao, waya wa maiki uliolala sambamba na waya wa umeme, au mzunguko wa ardhi kati ya mixa na amplifaya, yaani vimeunganishwa na ardhi kwa njia zaidi ya moja. Geti litauficha wakati wa ukimya tu. Tafuta chanzo. Na usikubali ushauri wa kukata pini ya ardhi kwenye plagi ili mngurumo uishe. Unaisha kweli, lakini siku kifaa kikivuja, umeme huo utapita kwa aliyeshika maiki.

Sasa tuje kwenye ekspanda, maana wanaokushauri hivyo wako sahihi kuliko wanaokuuzia mashine. Geti na ekspanda ni ndugu wa tumbo moja. Sauti ikishuka chini ya kizingiti, geti hufunga kwa kishindo, mara nyingi desibeli 60 au zaidi. Ekspanda hushusha kwa uwiano. Ukiiweka kwenye 1:2, kila desibeli 1 iliyo chini ya kizingiti inakuwa 2. Chukua zile namba zako za mwanzo, kabla hata hujasogeza maiki, na uweke kizingiti −40. Maombi yenye kilele cha −38 yapo juu, hayaguswi. Mwisho wa neno ulio −43 umepungua 3 chini ya kizingiti, kwa hiyo unatoka −46: umefifia kidogo, lakini unasikika. Kelele iliyo −48 iko 8 chini, inatoka −56. Geti kwenye kizingiti hichohicho lingekata mwisho wa neno na kelele pamoja, bila huruma. Ona kwamba ekspanda haikufanya muujiza. Imekosea kwa upole, basi.

Ukishasogeza maiki, hesabu inakuwa tamu. Kelele sasa ni −60, miisho ya maneno ni −43. Weka kizingiti −46, na renji, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho kifaa kinaruhusiwa kushusha, uiweke 10. Hakuna silabi inayoguswa, na kelele inashuka hadi −70. Wengi huiacha renji kwenye 60 au 80 kwa sababu ndivyo mixa ilivyokuja. Hiyo ndiyo inayokupa ule ukimya wa kaburini kati ya sentensi. Ukumbini ukiwa na watu 300 wanaopumua na feni sita, desibeli 8 hadi 12 zinatosha, na hakuna atakayesikia mlango ukifunguka.

Mixa nyingi za kidijitali zina ekspanda ndani ya ukurasa uleule wa geti. Tafuta sehemu ya kuchagua aina, utaona 2:1, 3:1, 4:1, kisha geti. Huna haja ya kununua kitu. Angalia tu kwamba baadhi ya mixa huandika 2:1 na nyingine 1:2 kwa jambo lilelile.

Muda nao una kazi yake, na hapa Kiswahili kina mahitaji ambayo mipangilio ya kiwandani haiyajui. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi ya mwisho inaanguka. Mtu akiomba kwa sauti ya chini, "amina" inabaki "ami", "nyumbani" inakuwa "nyumba", na "hatuwezi" inaishia "hatuwe". Maana yenyewe inapotea, siyo uzuri wa sauti tu. Upande wa mwanzo, maneno mengi yanaanza na "m" au "n" iliyo hafifu: mtu, mbingu, nchi, mkono. Geti linalosubiri sauti kubwa linafunguka kwenye "tu" na "bingu". Ukisikiliza rekodi ya ibada zako utayakuta haya mawili kila dakika.

Kwa hiyo: ataki, yaani muda wa mlango kufunguka, uwe milisekunde 1 hadi 3. Chini ya hapo unaweza kusikia mchomo mdogo mlango unapofunguka, hasa kwa sauti nzito. Holdi, muda wa kushikilia mlango wazi baada ya sauti kushuka, ianzie 200, ili silabi ya mwisho ipite yote. Rilizi, muda wa kufunga, iwe 300 hadi 400, ifunge kama pazia. Ukisikia maneno bado yanakatwa, usikimbilie kizingiti. Ongeza holdi kwanza. Ukisikia mlango unapigapiga kama meno ya mtu mwenye baridi, ujue sauti inazunguka palepale kwenye kizingiti, ikipita na kurudi. Holdi ndefu inatibu. Mixa nyingine zina pia nafasi kati ya kiwango cha kufungua na cha kufunga, desibeli 3 hadi 6, nayo inatibu.

Kuna kichujio cha kile kipimo cha ndani, ambacho huamua geti lisikilize sehemu gani ya sauti bila kubadilisha sauti inayotoka. Ni kizuri: kikikata chini ya hezi 150, mngurumo wa jenereta hauwezi tena kufungua mlango. Lakini usikipandishe hadi 500 kama unavyoweza kushauriwa. "M" na "n" zina nguvu zake nyingi karibu na hezi 250 hadi 300, na ukizificha kwa kipimo, "mbingu" inarudi kuwa "bingu".

Kama una kompresa kwenye chaneli hiyo, ekspanda itangulie, kompresa ifuate. Kompresa inayobana vilele kwa desibeli 6 na kuongezewa 6 za kufidia inainua kelele kwa 6. Ikitangulia, imeila nusu ya ile nafasi uliyohangaikia. Hili ndilo linaloleta kelele inayopumua, ikivimba kila mchungaji anaponyamaza.

Kwaya: toa geti. Zote nne. Waimbaji wa mstari wa nyuma hawafikii kizingiti, wa mbele wanakifikia, kwa hiyo wimbo unaoanza taratibu unasikika na sauti moja, kisha wengine wanaingia kwa kishindo mlango unapofunguka. Isitoshe, maiki hizo nne zinasikilizana. Sauti ya soprano inaingia hafifu kwenye maiki ya besi, na kila mlango unapofunguka au kufungwa, rangi ya kwaya nzima inabadilika. Ni kweli kwamba kila unapoongeza maradufu idadi ya maiki zilizo wazi unapoteza desibeli 3 za nafasi uliyonayo kabla ya maiki kuanza kupiga mluzi (sauti ya spika kurudi kwenye maiki na kuzunguka), kwa hiyo maiki nne zinakugharimu 6. Dawa ni kuzikusanya kwenye kundi moja la kuzima, na kuzizima kwa kidole kwaya inapokaa. Kidole cha fundi anayefuatilia ratiba ya ibada ni geti bora kuliko yote, maana chenyewe kinajua nani anaimba.

Kama siku moja mtakuwa na wazee watatu mezani wenye maiki tatu, usiweke mageti pia. Tafuta kama mixa yako ina mchanganyo wa kujiendesha, ule aliouanzisha mhandisi wa Marekani Dan Dugan miaka ya 1970. Anayeongea anapewa nafasi, wengine wanashushwa kwa kiasi hichohicho, na jumla inabaki sawa na maiki moja iliyo wazi. Kwa mazungumzo ni bora sana. Kwa kwaya haifai.

Mahali geti linapostahili ni kwenye dramu. Kick (ngoma ya kukanyaga) na tom (ngoma za kupigwa kwa fimbo) hupiga kwa nguvu, kisha zinanyamaza, na nafasi kati ya pigo na kelele ni kubwa. Ataki ya milisekunde 1 au chini, holdi 50 hadi 100, rilizi 100 hadi 200, renji ya 15 hadi 20. Ule mlio wa dramu za miaka ya 1980, mkubwa kisha unakatika ghafla, ni geti lililowekwa kwenye mwangwi makusudi.

Tuje kwenye twita, na hapa uvumilie, kwa sababu ndiko fedha inakopotea.

Limita ni kompresa yenye uwiano mkali, 10:1 kwenda juu, na ile kali kabisa haipitishi chochote juu ya kizingiti. Ni dari. Watu wanadhani dari hiyo inalinda spika. Inalinda dhidi ya kilele kinachozidi. Lakini spika huumia kwa njia mbili: kilele kikubwa kinachosukuma koni, yaani uso wa spika unaotikisika, kupita mwendo wake, na joto linalojikusanya kwenye koili, ule waya uliosokotwa unaoisukuma. Joto halijali vilele, linajali wastani.

Muziki wa kawaida una wastani ulio chini ya vilele kwa desibeli 12 au zaidi. Hiyo ndiyo nafasi ya koili kupumua. Sasa kwaya imechangamka, mtu anasukuma feda kuu kwa 6 zaidi, limita inawaka nyekundu. Vilele havijapanda hata kidogo, limita imevizuia. Lakini wastani umepanda karibu 6, na desibeli 6 ni nguvu mara nne. Koili inapokea joto karibu mara nne ya mwanzo huku mita yako ikionyesha dari haijavunjwa. Kwa hiyo taa ya limita inayomulika mara mojamoja ni salama. Ikiwaka mfululizo, ni onyo kwamba mfumo wako ni mdogo kwa ukumbi huo au kwamba mtu wa feda amelewa sauti.

Mluzi wa maiki ni mbaya zaidi. Ni toni moja iliyonyooka, wastani wake uko desibeli 3 tu chini ya kilele, na mara nyingi uko juu, kwenye eneo la twita peke yake. Spika iliyoandikwa wati 400 haina twita ya wati 400. Wati hizo ni za boksi zima, na twita inavumilia makumi ya wati, kwa sababu kwenye muziki wa kawaida sauti za juu ni sehemu ndogo. Limita iliyowekwa kuruhusu boksi lipokee 400 itaruhusu mluzi nao upite kuelekea twita, na hata krosova, kigawanyi cha sauti za juu na za chini, ikiupunguza, sekunde chache zinatosha. Kama siku ile kulikuwa na mluzi mrefu, umeshajua kilichoiua.

Kuna jambo jingine la kuangalia: limita yako iko wapi? Kama iko kwenye chaneli ya mchungaji, hailindi spika dhidi ya kinanda. Kama iko kwenye mixa na kizingiti chake kiko 0, pale juu kabisa, haifanyi kazi kamwe, kwa sababu amplifaya inafika kikomo chake na kuanza kukata mawimbi kabla mixa haijafika 0. Mawimbi yaliyokatwa yana sauti za juu zaidi na wastani mkubwa zaidi, na vyote viwili vinaelekea kwa twita. Limita ya kulinda inakaa mwisho wa njia, baada ya kila kitu, na kizingiti chake kinatokana na spika, siyo na mita ya mixa.

Hesabu yake ni hii. Spika ya wati 400 kwa ohm 8: zidisha 400 kwa 8, tafuta kipeuo cha pili, unapata volti 56.6. Soma mwongozo wa amplifaya uone inakuza kwa kiasi gani. Kama ni desibeli 32, inakuza volti mara 40, kwa hiyo kuingia kwake inahitaji volti 1.4, ambazo ni takribani +5 dBu (volti hizo zikiandikwa kwa desibeli). Hapo ndipo limita ianzie. Amplifaya ya desibeli 26, inayokuza mara 20, ingehitaji volti 2.8, yaani +11 dBu. Usichukue ile namba kubwa ya "kilele" iliyoandikwa kwenye boksi kwa ajili ya kuuza. Tumia ya mwendelezo. Kama twita inakuogopesha, shusha kizingiti 3 zaidi. Utapoteza sauti kidogo sana na utapunguza joto la juu kabisa kwa nusu. Rilizi isiwe fupi kuliko milisekunde 100: wimbi la hezi 50 lina urefu wa milisekunde 20, na limita inayojiachia haraka hivyo italifuata wimbi lenyewe na kuikwaruza besi.

Kama spika zako zina amplifaya ndani, sahau hesabu hii. Zina limita zake zilizopimwa na aliyezitengeneza. Wewe tazama taa ya nyuma na usiiache iwake mfululizo.

Tafuta mtu wa kuja na vifaa vyake kwa mambo matatu. Ardhi ya umeme wa kanisa na jenereta, hilo ni la fundi umeme, siyo la fundi mitambo. Kupanga limita kwa volti, kama hujawahi kupima mdomo wa amplifaya: spika huchomolewa kwanza, hutumika toni ya hezi 100 kwa sababu multimita za bei nafuu hudanganya kwenye toni za juu, na volti 56 hizo zinarusha mkono wa mtu. Na mluzi usioisha hata baada ya kusogeza maiki na kupanga spika mbele ya maiki, kwa sababu hapo bati na kuta ndizo zinazoongea, na zinahitaji kusikilizwa zikiwa mbele yako.

Kuhusu twita iliyoungua, pima kwanza ile nzima ya spika ya pili kwa multimita, ohm zake ziandike, na ununue diaframu (utando wa twita) ya modeli ileile, siyo inayofanana kwa macho. Usiifunge kabla limita haijapangwa. Kisha siku ya kwanza simama karibu nayo na karatasi mkononi, andika saa na wimbo kila taa ya limita inapowaka zaidi ya sekunde mbili, na umpe karatasi hiyo anayeshika feda kuu.